Barua ya wazi kwa wenye dhamana na gesi ya Lindi: itazameni Hammerfest kabla ya kusaini

Kwenu:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Wajumbe wa timu ya Serikali ya majadiliano ya mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika),
Watendaji wakuu wa TPDC (Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania) na PURA (Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli),
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Lindi na Mtwara,
Mstahiki Meya na madiwani wa Manispaa ya Lindi.

YAH: HAKI YA MANISPAA NA WANANCHI WA LINDI IANDIKWE KWENYE SHERIA KABLA YA MKATABA WA NCHI HODHI KUSAINIWA

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Lindi. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na niliwahi kuishi kaskazini mwa Norwei kwa masomo. Nina ombi moja, na barua yote hii ni maelezo yake: kabla kalamu haijagusa karatasi ya mkataba huo, yaani mkataba wa Serikali na wawekezaji wa mradi wa kusindika gesi asilia, Lindi ipewe kwa sheria haki ya kutoza kodi kwenye mtambo wenyewe, na wananchi watakaoishi jirani na mtambo huo wasikilizwe rasmi, kwa kumbukumbu zinazoandikwa na kujibiwa. Mambo haya mawili yasiachwe kwenye ahadi za majukwaani wala kwenye misaada ya hisani ya kampuni.

Naandika hivi kwa sababu nimeuona mji uliotangulia kupita njia tunayotaka kuipita sisi, tena na kampuni ile ile.

Mji huo ni Hammerfest. Uko Aktiki, karibu na mwisho wa bara la Ulaya upande wa kaskazini, mahali ambapo kuanzia karibu na mwisho wa Novemba hadi wiki ya tatu ya Januari jua halichomozi, na kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai halizami. Bahari yake haigandi, kwa sababu ya mkondo wa maji ya vuguvugu unaopanda kutoka Atlantiki, na ndiyo maana meli zinaingia mwaka mzima. Una wakazi kama 11,000. Majeshi ya Ujerumani yaliuchoma moto yalipokuwa yakirudi nyuma mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, na jengo lililosalia lilikuwa kanisa dogo la makaburini. Watu wakarudi, wakajenga upya, wakaishi kwa samaki. Kazi ya samaki ilipopungua, vijana wakaanza kuhamia miji ya kusini. Hali hiyo Lindi tunaijua, hatuhitaji kusimuliwa.

Kampuni iliyojenga mtambo wa gesi pale ilikuwa inaitwa Statoil. Tangu mwaka 2018 inaitwa Equinor. Ndiyo iliyogundua gesi ya Zafarani mwaka 2012 katika Kitalu namba 2 mbele ya pwani yetu, kisha Lavani, Tangawizi na nyinginezo. Kwa hiyo ninapoitaja Hammerfest sizungumzii nchi ya mbali isiyotuhusu. Nazungumzia uzoefu ambao wenzenu wa upande wa pili wa meza wanao kichwani, na ninataka nanyi muwe nao.

Gesi ya kule inaitwa Snøhvit. Iligunduliwa mwaka 1984 katika Bahari ya Barents, kilomita kama 140 kaskazini-magharibi mwa mji, na shehena ya kwanza ikaondoka mwaka 2007. Katikati ya miaka hiyo watu wa Hammerfest waliambiwa yale yale tunayoambiwa sisi: soko liko mbali, gharama ni kubwa, bahari ni ngumu, bei haitabiriki. Bunge la Norwei lilipitisha mpango Machi 2002. Juu ya maji hakuna jukwaa hata moja. Vifaa vya visima vimelazwa chini kabisa, kwenye kina cha mita kama 300, na vimefunikwa kwa namna ambayo nyavu za wavuvi zinapita juu bila kunasa. Bomba la kilomita 143 linaileta gesi hadi kisiwa cha Melkøya, kilicho mbele ya mji, kinachofikiwa kwa handaki lililochimbwa chini ya bahari. Hapo gesi inasafishwa, inapoozwa hadi nyuzi 163 chini ya sifuri, inageuka kimiminika na ujazo wake unapungua mara 600 hivi, kisha inapakiwa melini. Moyo wa mtambo haukujengwa kisiwani. Ulijengwa Hispania juu ya tishari kubwa la chuma, ukabebwa mgongoni mwa meli hadi Aktiki mwaka 2005, kwa sababu kazi ya kuunganisha mabomba gizani na barafuni ni ghali na ya hatari.

Ukisimama bandarini Hammerfest usiku wa Julai, jua likiwa bado liko juu ya maji, mtambo unauona kwa macho yako: minara, matenki, na mwali wa moto kileleni. Nyuma yako, katikati ya mji, reindia wanakatiza barabara. Hawa ni wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hao Wasami nitawarudia, kwa sababu hesabu ya faida ya Melkøya bila wao haijakamilika.

Kwanza niseme ni kitu gani kiliubadilisha ule mji. Kwetu, kila mkutano wa gesi unaanza na kuisha na neno ajira. Kule wakati wa ujenzi kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi kutoka mikoa mingine na nchi nyingine. Ujenzi ulipokwisha wakafunga mizigo. Kazi za kudumu zilizobaki ni mia chache. Ni kazi nzuri, zinalipa, na vijana wa mji wanazifanya kwa sababu walipelekwa mapema kusomea ufundi unaotakiwa. Lakini mia chache haziwezi kuubeba mji mzima, na Lindi ni kubwa kuliko Hammerfest mara nyingi.

Kilichoubeba mji ni kodi ya mali isiyohamishika. Sheria ya Norwei inairuhusu manispaa kutoza kodi hiyo kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.7 ya thamani ya mali kwa mwaka. Mtambo wa Melkøya ni mali, haihamishiki, na uko ndani ya mipaka ya manispaa ya Hammerfest. Kwa asilimia hiyo ndogo, mtambo ulioligharimu kundi la wawekezaji makumi ya mabilioni ya krona (fedha ya Norwei) umekuwa ukiiletea manispaa zaidi ya krona milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo hazipiti Oslo kwanza. Zinaingia kwenye akaunti ya mji, madiwani wanagombana juu yake kwenye vikao vyao vya wazi, wapiga kura wanawahukumu kwa walivyozitumia. Shule zilikarabatiwa na nyingine kujengwa. Vituo vya watoto vikaongezwa. Mwaka 2009 ukafunguliwa ukumbi mkubwa wa utamaduni pembeni ya bandari, katika mji ambao muda mfupi nyuma ulikuwa ukiwasindikiza vijana wake kituo cha basi.

Naomba mtazame kwa makini jinsi kodi hii inavyofanya kazi, maana hapo ndipo lilipo jambo langu.

Inatozwa kwenye thamani ya mtambo. Haitozwi kwenye mauzo, wala haisubiri faida. Tarehe 28 Septemba 2020 moto uliwaka Melkøya, kwenye vichujio vya hewa vya moja ya mashine kubwa za kuzalisha umeme. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifaa cha kupasha hewa joto, kilichowekwa ili barafu isizibe njia ya hewa, kiliendeshwa isivyotakiwa, joto likapanda mno na vichujio vikashika moto vyenyewe. Hakuna aliyeumia, lakini maji ya bahari yaliyomwagwa kuuzima yaliharibu vifaa vingi vya umeme. Mtambo ukafungwa hadi tarehe 2 Juni 2022. Miezi 20 bila shehena hata moja, na sehemu ya miezi hiyo ndiyo kipindi ambacho bei ya gesi Ulaya ilipanda kuliko watu walivyowahi kuona.

Sasa tuilete ajali hiyo Likong'o, hapa Lindi, mtambo wetu unakopangwa kujengwa. Chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri zetu zinategemea ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Ndio ushuru Kilwa inaoupata kwa gesi ya Songo Songo. Mauzo yakiwa sifuri, asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Miezi 20 ya namna ile ingekuta Manispaa ya Lindi imeshaajiri, imeshaanza kujenga zahanati, imeshaingia mikataba ya barabara, na haina hata shilingi ya gesi. Mji wenye kodi ya mali unakuwa na kitu cha kushika mtambo ukiugua, kwa sababu mtambo unabaki pale pale na thamani yake.

Kodi ya majengo sisi tuliiondoa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 tukaikabidhi Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mama wa Mtanda akinunua umeme, kodi ya kibanda chake imeshakatwa kabla taa haijawaka. Halipingi hilo, nami silipingi. Ninachouliza ni hiki: mtambo utakaojengwa ndani ya manispaa yake, kwenye eneo la hekta kama 2,000, utailipa nini manispaa hiyo kwa jina la kodi hiyo hiyo, na kwa sheria ipi?

Tupige hesabu ya kukadiria tu. Mradi wote umekuwa ukitajwa kwa zaidi ya dola bilioni 30. Tuseme sehemu iliyo nchi kavu peke yake iwe na thamani ya dola bilioni 10. Kwa kiwango cha Hammerfest, hiyo ni dola milioni 70 kila mwaka. Tukiogopa kiwango hicho tukachukua asilimia 0.1 tu, bado ni dola milioni 10 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Yeyote anayejua bajeti ya mapato ya ndani ya Manispaa ya Lindi anajua hizo ni fedha za namna gani.

Mtaambiwa kwamba madai ya aina hii yanamkimbiza mwekezaji. Mwekezaji huyu huyu anailipa Hammerfest, na juu yake analipa serikali kuu ya Norwei kodi ya petroli inayofikia asilimia 78 ya faida. Mtaambiwa pia kwamba Norwei nayo ilitoa nafuu ili Snøhvit ijengwe. Ni kweli, ilitoa: mitambo ya LNG ya kaskazini ya mbali iliruhusiwa kufidia gharama za ujenzi kwenye hesabu za kodi ndani ya miaka mitatu badala ya sita. Lakini nafuu hiyo iliandikwa kwenye sheria, ikajadiliwa bungeni mbele ya waandishi wa habari, na mamlaka ya usimamizi ya EFTA, jumuiya ya biashara huria ya Ulaya ambayo Norwei ni mwanachama, ikaihoji wazi wazi. Mwananchi wa kawaida wa Hammerfest alijua nchi yake imetoa nini na imepata nini. Mimi wa Lindi sijui.

Na kwa nini nasisitiza iwe kabla? Kwa sababu ya kifungu kimoja. Mikataba mikubwa ya namna hii huwa na kifungu cha kuzuia masharti ya kodi yasibadilike katika maisha ya mradi, na wakopeshaji hawatoi fedha bila hicho. Simlaumu mwekezaji kukitaka. Lakini kikishasainiwa, lisilokuwemo limekwisha. Diwani wa Lindi atakayesimama miaka kumi baadaye kudai kodi ya mtambo atajibiwa kwa barua ya kurasa mbili kutoka kwa mawakili, na mawakili watakuwa sahihi. Dirisha la Lindi liko wazi sasa, wakati wa majadiliano, na linafungwa siku ya saini.

Hammerfest si peponi, na sitaki mtu anyanyuke na barua hii kuusifia kupita kiasi. Manispaa ilikopa sana ikiitegemea kodi ya Melkøya na madeni hayo yameibana. Gharama za ujenzi zilipanda kutoka krona bilioni 39 hivi hadi karibu bilioni 58. Mtambo ulipoanza mwaka 2007, vipooza vinavyotumia maji ya bahari vilivuja, gesi ikabidi ichomwe hewani, na masizi meusi yakaanguka juu ya mapaa na magari ya mji. Nchi tajiri yenye wahandisi waliobobea, na bado watu waliamka wakakuta masizi dirishani. Hewa ya ukaa inayotoka kisimani pamoja na gesi ya Snøhvit hutenganishwa na kurudishwa chini ya bahari tangu 2008. Lakini tabaka la mwamba walilolichagua mwanzo lilianza kujaa shinikizo kuliko walivyotarajia, ikabidi mwaka 2011 wahamie jingine. Kwetu wanakuja kufanya kazi kwenye maji ya kina cha mita 2,500 na hali ya joto ambayo kule hawaijui. Kupooza gesi kwenye nchi ya baridi kunakula umeme kidogo kuliko kuipooza Lindi. Basi tuulize mapema: umeme wa mtambo utatoka wapi, na ukitoka kwenye gridi ya taifa, nani atazimiwa siku ukipungua?

Swali hilo la umeme ndilo lililoigawa Finnmark, mkoa wa Hammerfest, na hapa narudi kwa Wasami. Desemba 2022 Equinor na wenzake waliwasilisha mpango wa krona bilioni 13.2: kuweka mashine za kuisukuma gesi kadiri shinikizo la kisima linavyoshuka, na kuuendesha mtambo kwa umeme wa gridi badala ya kuchoma gesi. Serikali ya Norwei ikaidhinisha Agosti 2023. Kwa hesabu zao, hewa ya ukaa ingepungua kwa tani kama 850,000 kwa mwaka, na hilo ni jambo kubwa. Lakini Melkøya inahitaji megawati kama 350, na umeme huo utapita kwenye nyaya mpya za msongo mkubwa zinazokatiza malisho ya reindia. Kuupata umeme wa kutosha kunamaanisha mitambo mipya ya upepo kwenye nyanda ambazo familia za wafugaji zimezipita kwa vizazi. Bunge la Wasami likapinga. Wakazi wengi ambao si Wasami nao wakapinga, wakihofia bei ya umeme majumbani.

Reindia akizaa hataki kelele. Jike mwenye ndama mchanga hukwepa nyaya, minara na barabara, na akikwepa, mfugaji anapoteza bonde lote hata kama kilichojengwa ni nguzo chache. Kwenye ramani ya mhandisi ardhi iliyochukuliwa ni mstari mwembamba. Kwenye maisha ya mfugaji ni msimu mzima wa malisho. Mvuvi wa Likong'o yuko kwenye hali hiyo hiyo. Gati la meli za gesi litachukua kipande kidogo cha bahari, lakini eneo la usalama linalolizunguka ndilo litakalomzuia kufika anakovua, na mama anayevua pweza maji yakitoka hana boti ya kumpeleka mwamba mwingine. Fidia ya mikorosho na minazi inahesabika. Fidia ya njia ya baharini hakuna fomu niliyowahi kuiona ikiijaza.

Norwei ilipouidhinisha mradi wa Melkøya mwaka 2002, utaratibu rasmi wa Serikali kushauriana na Bunge la Wasami ulikuwa bado haupo. Ulikubaliwa mwaka 2005. Yaliyoachwa wakati ule yanagharimu sasa. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei ilitamka kwamba leseni za mitambo ya upepo ya Fosen, mbali kusini mwa Hammerfest, zilivunja haki za Wasami wafugaji. Mitambo ilikuwa imeshajengwa na inazunguka. Mapema 2023 vijana wa Kisami waliizuia milango ya wizara mjini Oslo, na Serikali ikaomba radhi. Nchi yenye fedha zote zile ilijikuta inaomba radhi kwa jambo ambalo kikao cha mapema kingelimaliza.

Najua kikao cha namna gani kinawezekana, kwa sababu Kanada ilikifanya nusu karne iliyopita, huko huko Aktiki. Mwaka 1974 Serikali ya Kanada ilimteua Jaji Thomas Berger achunguze athari za bomba la gesi lililopangwa kupita bonde la mto Mackenzie. Jaji hakukaa mjini akisubiri wataalamu. Alikwenda kwenye jumuiya 35, vijiji vya wawindaji na wavuvi, akakaa kwenye kumbi zao na kuwasikiliza kwa lugha zao, na redio ya taifa ikatangaza yaliyosemwa kwa lugha hizo hizo ili kijiji kinachofuata kijue kimesemwa nini kilichotangulia. Ripoti ya 1977 ilishauri bomba lisubiri miaka 10 ili madai ya ardhi ya wenyeji yamalizwe kwanza. Mradi uliporudi miaka ya 2000, kundi la wenyeji lilikuja mezani likiwa na nafasi ya kumiliki theluthi ya bomba. Kutoka kuwa watu wa kupitiwa juu hadi kuwa wamiliki.

Sitaficha upande wa pili. Bomba la Mackenzie halikujengwa. Idhini ilipopatikana mwaka 2011, gesi ya miamba ya Marekani ilikuwa imeshusha bei, na mwaka 2017 wawekezaji wakaufunga mradi. Upande wa Urusi kuna kijiji cha Teriberka, pwani ya Bahari ya Barents. Kiliambiwa kwamba gesi ya Shtokman, iliyogunduliwa mwaka 1988 na kukadiriwa kuwa mita za ujazo trilioni 3.9, itafikia pale. Gazprom, Total na Statoil wakaunda kampuni ya pamoja mwaka 2008. Mwaka 2012 mkataba wao ukaisha bila uamuzi wa kujenga, Statoil ikazirudisha hisa zake, na Teriberka ikabaki na ramani. Nayataja haya ili msidhani naomba mchelewe. Soko la gesi halimsubiri mtu, na Januari 2021 Equinor ilishaishusha thamani ya mradi wetu kwenye vitabu vyake kwa dola milioni 982. Ninachoomba kinaweza kufanyika ndani ya miezi, sambamba na majadiliano, bila kusimamisha chochote.

Watu wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo, wa eneo la mtambo, wameshajua kusubiri. TPDC ilipata hati ya eneo mwanzoni mwa 2016, na fidia ikaanza kulipwa 2020. Miaka yote hiyo mtu hajui apande mkorosho mpya au aache, akarabati paa au asubiri kuhama. Mei 2013, kwa jirani zetu wa Mtwara, watu walikufa kwenye vurugu za bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Bomba lilijengwa, kilomita 542, likazinduliwa 2015, na gesi yake inazalisha sehemu ya umeme wa nchi. Naamini kabisa kwamba watu wa Mtwara wangeambiwa mapema, kwa maandishi, fungu lao ni lipi na linalindwa na sheria gani, Mei ile isingekuwa vile.

Kwa hiyo naomba haya. Waziri awasilishe bungeni, kabla ya saini, marekebisho ya sheria yatakayoipa manispaa yenye mtambo wa kusindika gesi haki ya kutoza kodi ya mali kwa kiwango kitakachotajwa, fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya manispaa, na sehemu yake ifungiwe kwenye shughuli za maendeleo ili madiwani wasije wakaila yote kwa posho na magari. Mkataba wa Nchi Hodhi uitaje kodi hiyo kwa jina. Ushuru wa huduma nao uandikwe bayana kwamba unalipwa Lindi, bila kujali ofisi kuu ya kampuni iko mji gani. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 tunayo wenyewe, na inataka mikataba itangazwe. Itumike kwa mkataba huu, vikiwemo viambatanisho vya kodi, kwa Kiswahili. Na PURA iitishe mikutano ya kusikiliza wananchi kuanzia kata ya Mbanja hadi vijiji vya wavuvi kando ya njia ya bomba, irekodiwe, itangazwe na redio za Lindi na Mtwara, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi kabla ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji.

Kwenu madiwani wa Manispaa ya Lindi nina neno la ziada. Hammerfest haikupewa, madiwani wake waliisoma sheria ya kodi, wakaijua, wakaitumia. Pitisheni azimio kwenye baraza lenu la robo hii, liandikwe kwenye muhtasari, lipelekwe Wizara ya Nishati na TAMISEMI likiwa na muhuri wa Manispaa. Wabunge wetu wataingia ukumbini Dodoma wakiwa na karatasi mkononi badala ya malalamiko.

Nipo tayari kufika popote mtakaponiita kueleza zaidi, na ninaomba majibu yenu yatolewe mahali ambapo watu wa Likong'o wanaweza kuyasikia na kuuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Lindi